Nimenunua mashua ya tanga iliyokaa nchi kavu misimu miwili, inavuja: nianze kuloweka au kupiga kalafati (kuziba mianya ya mbao kwa pamba)?

#1 Mbezi_Juu
Wakuu salama?

Nimenunua mashua ndogo ya tanga pale Kunduchi. Futi 18, tezi (nyuma) bapa, mbao za mvule, isipokuwa mbao mbili za juu upande wa kushoto zimebadilishwa zikawekwa mninga. Mwenye nayo alikuwa mvuvi, akahamia kwenye boti ya injini, mashua ikabaki pwani chini ya mkungu tangu kabla ya masika ya mwaka jana. Milioni moja na laki mbili, pamoja na mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), tanga la zamani na nanga ya kucha nne. Nimevuta kamba kutoka omo (mbele) hadi tezi kuangalia mkuku (uti wa chini wa mashua), umenyooka. Mataruma (mbavu za ndani) yote yapo, moja tu limepasuka, upande wa kulia karibu na mlingoti.

Wiki iliyopita tuliishua na vijana wa pale kuangalia tu. Maji yakaingia kila upande, nusu saa hivi yamefika vifundoni, tukairudisha juu. Ukiingiza kichwa ndani mchana unaona mwanga kati ya mbao, na mianya mingine inapitisha ncha ya kisu.

Pale pale nimepewa ushauri wa aina mbili. Mzee mmoja anasema niizamishe kwenye maji ya kina kidogo, mbao zivimbe zenyewe. Fundi mwingine anasema nitoe pamba yote ya zamani, nipige kalafati upya ikiwa kavu hivi hivi. Kusi inaanza kulegea na ningependa nianze kuitumia msimu huu wa demani, upepo ukiwa mpole, niwapeleke watoto kisiwani Mbudya. Kipi kinatangulia?

#2 DogoKigamboni
Hongera sana mkuu. Picha ziko wapi? Na shemeji ameshaambiwa kwamba milioni imelala chini ya mkungu?

#3 Fundi Taruma
Hongera. Loweka kwanza, nyundo isubiri.

Mbao iliyokaa juani muda wote huo imesinyaa upana, ndiyo maana unaona mwanga. Ukigonga pamba ikajaa kwenye mwanya wa mbao kavu, siku inarudi majini mbao inadai upana wake wa zamani na nafasi umeshaijaza. Nguvu yote inakwenda kwenye misumari na mataruma. Misumari inang'oka au taruma linapasuka. Nimeona chombo kizuri kikifunguka hivyo hapa hapa Kunduchi, na aliyekipiga kalafati alikuwa na mkono safi tu.

Kipeleke kwenye ule mkondo wenye mikoko ambako mawimbi hayafiki, kiegemeze kwa taumu pande zote mbili, toa kizibo, acha maji yaingie na kutoka na bahari yake. Wiki, siku kumi. Mbao za juu ambazo maji hayazifikii zitandikie magunia, uwe unayamwagia maji ya bahari asubuhi na jioni.

#4 KokotoKariakoo
Fundi, hapo napinga. Pamba ya mle ndani ina miaka mingapi? Imeshakuwa unga. Mbao zitavimba zibane unga, maji yatapungua, mwenye chombo atafurahi, halafu siku bahari ikichafuka unga wote unachomoka na mtikisiko akiwa nusu ya njia na watoto.

Kalafati ni kuitoa ya zamani yote kwa ndoana, kuusugua mwanya mpaka uone mbao safi, kusokota pamba, kuichovya kwenye sifa (mafuta ya papa), kuigonga kwa patasi butu mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Pamba haishiki vizuri kwenye mbao iliyolowa. Wakati wake ni sasa chombo kikiwa kikavu.

#5 Mwana Chole
Fundi Taruma na Kokoto kila mmoja ameshika nusu.

Kwetu Mafia chombo kilicholala muda mrefu hakilowekwi kikiwa wazi vile, wala hakigongwi kwa nguvu. Ile mianya inayopitisha ncha ya kisu unaijaza pamba laini iliyopakwa shahamu, unaisukuma kwa kidole gumba na kijiti, nyundo hushiki kabisa. Kisha ndiyo unaloweka. Mbao zikivimba, pamba na shahamu vinasukumwa nje vyenyewe, unavikwangua. Baadaye unakipandisha, kinyauke kwa nje siku chache, na hapo ndipo kalafati ya kweli inapigwa, sehemu zile tu ambazo bado zinavuja. Kupiga chombo kizima kunafaa kwa chombo kinachoshinda majini kila siku.

#6 BintiNungwi
Mnabishania pamba, misumari nani ameitazama? Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Nungwi, na chombo cha zamani alikuwa anaanza na misumari kabla ya kitu kingine chochote.

Kaka Mbezi_Juu, chukua kisu chembamba, lala chini ya chombo, tazama kila kichwa cha msumari. Msumari mzima umezungukwa na mbao yenye rangi yake. Msumari uliochoka utauona na duara jeusi kama wino uliomwagika, na chini ya duara kuna mchirizi wa kutu unaoshuka. Bonyeza ncha ya kisu ndani ya lile duara. Ikizama kwa urahisi, mbao pale imelegea, msumari umeshikwa na rangi tu. Unaweza kuloweka mwezi mzima na kupiga kalafati mara tatu, ubao utacheza na maji yatapita.

Ukibadilisha, toboa pembeni kwenye mbao nzima. Msumari wenyewe usokotee uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa, ndipo ugonge. Ule uzi ndio unaozuia maji yasifuate chuma. Na uangalie zile mbao za mninga zilizobadilishwa zimefungwa na nini. Siku hizi mtu anapata skrubu za shaba nyeupe dukani anaona zinang'aa, anaziweka jirani na misumari ya chuma. Kwenye maji ya chumvi vyuma viwili tofauti vikikaribiana, kilicho dhaifu kinaliwa, na hapo kitakacholiwa ni chuma.

#7 Mhaya wa Pwani
Natokea Bukoba, nimekulia kwenye mitumbwi ya ziwani, kwa hiyo naomba niseme upande wangu.

Chombo hiki kimepigwa na masika mbili kikiwa hakijafunikwa. Sisi adui yetu mkubwa ni maji baridi, yaani ya mvua na ya ziwa. Mbao ikikaa na maji ya mvua inaoza kwa ukungu. Maji ya chumvi hayauachii ukungu huo ustawi. Kwa hiyo kabla ya mianya, mleta uzi atuambie: kizibo kilikuwa wazi wakati wa mvua, au maji yalikuwa yanatuama ndani? Kama yalituama, achunguze mbao za chini kabisa karibu na mkuku, pembe zote ambako majani ya mkungu yamejikusanya. Agonge kwa mpini wa nyundo. Mbao nzima inalia kavu, iliyooza inajibu sauti ya bubu.

#8 DogoKigamboni
Mhaya baharini! Karibu pwani, huku hakuna senene.

#9 Mhaya wa Pwani
Nina kopo la senene hapa mezani, ukija kusaidia kusukuma mashua nitakugawia.

#10 Mzee Kaskazi
Salaam. Naona hamjamtaja mdudu.

Chombo chochote kilichofanya kazi Kunduchi kwenye mkondo ule wenye mikoko kina mdudu. Anakula mbao kwa ndani, nje huoni kitu. Zamani hatukuwa na dawa za dukani. Chombo kilipandishwa, kikalazwa ubavu, tukawasha makuti makavu tukapitisha moto chini yote mpaka rangi ya zamani ikachubuka na mdudu akafa. Halafu unakwangua, unapaka sifa, na chini kabisa unapaka deheni ya chokaa na shahamu. Chombo kinakuwa cheupe tumboni. Kazi hiyo ilirudiwa mara kwa mara, si ya mwaka mara moja.

Ukimaliza ukaripoti kwa SUMATRA wakakague wakuandikishe.

#11 Mwalimu wa Baiolojia
Shikamoo mzee. Habari ya mkondo na moto ni kweli, ila tunayemwita mdudu ni jamii ya chaza, mwenye mwili mrefu mithili ya mnyoo na magamba mawili madogo kichwani anayotumia kukwangulia mbao. Anaingia akiwa mchanga mno, tundu la nje ni dogo kama la sindano. Ndani anakua, na njia yake inapanuka, anaipaka chokaa nyeupe. Ndiyo maana nje huoni kitu.

Na kwa mashua hii kuna nafuu. Kiumbe huyu anaishi kwa maji ya bahari. Chombo kilichokaa nchi kavu zaidi ya mwaka hakina aliye hai ndani. Kinachobaki ni njia zake, na njia hizo ni mabomba. Maji yanaingia kwa tundu la sindano chini ya mkuku yanatokea mbali kabisa, na mtu anapiga kalafati mahali ambapo hapana kosa.

#12 Mzee Kaskazi
Marahaba mwalimu. Chaza au mdudu, mkuku wangu aliumaliza.

#13 Wakili_Kinondoni
Mzee wangu, SUMATRA haipo tena. Mambo ya majini yako chini ya TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na ya nchi kavu yakaenda LATRA kwa sheria ya 2019. Ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo uulizie TASAC. Kama unataka kuvua pia, leseni ya uvuvi ni halmashauri, na pale mwaloni uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) wakujue. Ukitia nanga Mbudya au Bongoyo kumbuka ni hifadhi za bahari, kuna kiingilio.

Swali langu kwa mleta uzi: mmeandikiana? Chombo cha pwani mara nyingi kina wenyewe zaidi ya mmoja. Mmoja alitoa mbao, mwingine tanga, mwingine alikopesha pesa ya nyavu.

#14 Mama Wawili
Wakili anasema kweli. Shemeji yangu alinunua ngalawa Ununio, akalipa, akabadilisha matengo yote mawili, akashona tanga jipya. Chombo kilipopendeza akatokea mpwa wa muuzaji anadai theluthi ni ya marehemu mama yake. Walimaliza serikali ya mtaa, na shemeji akaongeza hela. Andikianeni mbele ya mjumbe na mashahidi wa pale pale pwani, wanaomjua muuzaji kwa miaka.

#15 Mbezi_Juu
Asanteni wote, nimefaidika. Nimeshinda pale tangu asubuhi na kisu na nyundo.

Hati ya mauziano ipo, serikali ya mtaa imegonga muhuri, mdogo wake muuzaji ni shahidi.

Kizibo kilikuwa wazi wakati wote wa mvua, lakini karibu na tezi kulikuwa na rundo la majani yaliyooza limeziba njia ya maji. Nimeyatoa, ubao wa kwanza unaokutana na mkuku pale unabonyea kwa kisu, urefu wa kiganja hivi. Kwingine mbao zinalia kavu.

Misumari: duara jeusi lipo kwenye vichwa vingi upande wa kulia, kushoto vichache. Na BintiNungwi amejuaje sijui, mbao za mninga zimefungwa kwa skrubu za shaba nyeupe, na misumari ya chuma iliyo jirani nazo imebaki shina jembamba.

Chini ya mkuku nimekwangua deheni ya zamani, kuna vitundu vidogo vingi sehemu moja katikati. Nikachimba kimoja kidogo, kikatoka kibomba cheupe kinachovunjika mkononi kama ganda la yai.

Tanga lina madoa meusi ya ukungu. Nimelivuta kwa vidole gumba viwili likachanika.

#16 KokotoKariakoo
Sasa unaona. Misumari imeoza, ubao umeoza, mkuku una matundu, na bado mtu anataka kuloweka. Unaloweka nini?

#17 Fundi Taruma
Kokoto, msumari uliooza haubadilishwi kwenye ubao uliosinyaa, utakuja kupinda. Kipande kilichobonyea kikatwe, kitiwe kiraka cha mvule chenye ncha za mshazari, hilo sina ubishi nalo. Vitundu vya mkuku viongezwe kwa keke, vizibwe kwa vijiti vya mbao ngumu na mafuta. Kisha nasema tena, kilowekwe.

#18 Mtaalamu wa Fiba
Mnajitesa. Kausha chombo, piga msasa, funika chote kwa fiba na rezini kuanzia mkuku hadi juu. Hakuna pamba, hakuna chaza, hakuna msumari unaoonekana. Vifaa vyote vinapatikana mjini.

#19 Fundi Taruma
Kuunda chombo cha fiba tangu mwanzo ni sawa. Kuivalisha fiba mashua ya mbao ya zamani ni jambo jingine. Mbao inavimba na kusinyaa, fiba haivimbi. Ile rezini ya kawaida haishiki vizuri mbao yenye sifa na chumvi ya miaka mingi. Inabanduka kidogo, maji yanaingia kati, hayatoki tena, na mbao inaozea ndani ya koti. Halafu uzito. Mashua ya tanga ikiongezeka uzito inakuwa gogo.

#20 Mtaalamu wa Fiba
Zipo zilizofunikwa na zinafanya kazi hadi leo, pita Msasani uone. Kinachoharibu ni watu kufunika mbao mbichi. Kausha vya kutosha, tumia epoksi.

#21 DogoKigamboni
Kama ni kuachana na mbao, si atengeneze ya plastiki kabisa? Lile dau la taka za plastiki lilitoka Mombasa likaja Dar.

#22 BintiNungwi
Dogo, hilo ni Flipflopi, lilijengwa Lamu, likazinduliwa 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Na mafundi wake ni wa majahazi ya mbao, wamechonga plastiki kwa tezo na msumeno ule ule, mkuku na mataruma vikawekwa vile vile. Turudi kwa mashua ya kaka yetu.

#23 Mwana Chole
Kuhusu tanga: usishone la turubai, zito, na likilowa foromali inalalamika. Wengi sasa wanashona la sandarusi (kitambaa cha viroba vya plastiki), jepesi na rahisi, ila jua linalila haraka, likianza kutoa nyuzi nyuzi halina dawa. Kitambaa cha pamba kinatulia vizuri zaidi kwenye upepo na kinashonwa popote, kikitunzwa. Lisikunjwe likiwa limelowa maji ya mvua. Wazee walilichemshia maganda ya mkandaa likawa jekundu, ukungu haulishiki. Mikoko sasa inalindwa, kwa hiyo usiende kubandua miti ovyo.

Shona matanga mawili. Kubwa la siku za kawaida na dogo la upepo mkali. Tanga letu halipunguzwi kirahisi katikati ya safari, unatua foromali na kufunga jingine. Na jarari, kamba ya kupandishia foromali, iwe mpya kabisa, usiamini ya zamani hata kama inaonekana nzuri kwa nje. Ifungue nyuzi zake utazame katikati.

#24 Mzee Kaskazi
Foromali pia. Tazama pale inapofungwa jarari, ufa huanzia hapo.

#25 Mbezi_Juu
Mrejesho kidogo wakuu.

Fundi mmoja wa pale ametia kiraka cha mvule kwenye ule ubao wa tezi, vitundu vya mkuku vimezibwa, na skrubu zote za shaba zimetoka, tumeweka misumari ya zinki iliyosokotwa pamba. Mianya mikubwa tulijaza shahamu na pamba kwa kidole kama alivyosema Mwana Chole, kisha tukailoweka kwenye mkondo alivyosema Fundi Taruma. Magunia juu yalikaa, ingawa upande wa kulia kijana aliyekuwa anamwagia maji alikuwa anasahau sahau.

Matokeo: ikitia nanga usiku kucha, asubuhi unakuta maji kidogo kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo), upo (vichoteo vya maji) chache zinayamaliza. Nikaona tumeshinda. Jana tukatweka tanga la kuazima, upepo wa wastani tu, tukazunguka mbele ya Kunduchi. Mara maji yakaanza kupanda. Kijana mmoja alifua maji, akiyachota na kuyamwaga nje, bila kupumzika mpaka tuliporudi. Tulipotua tanga na kutulia, yakapungua tena. Hiki ni nini?

#26 Mwana Chole
Hicho ni kitako cha mlingoti. Chombo kikitulia mlingoti unakaa tu. Ukitweka tanga, jarari na kamba za kushikilia mlingoti zinauvuta chini, unakandamiza mkuku, na upepo unausukuma pembeni. Ule ubao wa kwanza unaachana na mkuku kiasi cha unywele kila wimbi likipita. Na ulishatuambia mwanzoni taruma la kulia karibu na mlingoti limepasuka, nimerudi #1 kusoma tena. Halijatajwa kwenye matengenezo yako. Badilisha taruma, ongeza ubao mnene chini ya mlingoti unaopita juu ya mataruma matatu au manne ili uzito ugawanyike.

#27 KokotoKariakoo
Taruma ndiyo, lakini maji hayapiti kwenye taruma, yanapita kwenye mwanya usio na pamba. Jambo nililosema #4 limetokea. Pamba ya zamani ilibanwa ikiwa unga, chombo kimetikisika, imechomoka.

Mkitaka kujua, kipandisheni juu, kizibeni kizibo, mjaze maji ndani, mtazame nje yanapotokea. Palipovuja pana jibu.

#28 Fundi Taruma
Njia ni nzuri, ila "mjaze" ni neno la hatari. Pipa moja la lita 200 ni kilo 200. Ukiijaza mashua ya futi 18 umeipakia tani na zaidi, na nje hakuna bahari ya kuzishikilia mbao, zinasukumwa kwenda nje peke yake. Tia maji ya kina cha kiganja tu juu ya mkuku, yatoshe kufunika ule ubao wa kwanza. Weka bluu ya kufulia ndani uone rangi inatokea wapi.

#29 BintiNungwi
Na ile misumari yenye duara jeusi upande wa kulia ilibadilishwa yote, au za shaba tu? Kaka ametaja skrubu za shaba peke yake.

#30 Mhaya wa Pwani
Mna hoja nzito, ila naona jambo jepesi limepitwa.

Ikitia nanga imesimama wima. Maji yanafika kwenye mbao zilezile zilizolowekwa na kuvimba. Ukitweka tanga inalala ubavu, na mbao za juu ambazo hazikuvimba zinaingia majini. Mleta uzi mwenyewe kasema magunia ya kulia yalikuwa yanasahaulika. Jana upepo ulikuwa wa kusi bado, mlipokuwa mnatoka nje kuelekea visiwani mlikuwa mnaupokea upande wa kulia au wa kushoto? Kama maji yalipanda zaidi mlipolalia kulia, basi ni mbao kavu tu, mlingoti hauna kosa.

#31 Mbezi_Juu
Mhaya, tukitoka tulilalia kushoto, tukirudi tukalalia kulia. Maji yalianza wakati wa kutoka, lakini kijana anayefua anasema wakati wa kurudi ndiyo yalikuwa mengi. Mimi nilikuwa kwenye usukani na demani (kamba ya kuongozea tanga), sikuweza kutazama.

BintiNungwi, ya kulia tulibadilisha ile iliyozama kisu tu. Mingine yenye duara dogo ipo.

#32 Mwana Chole
Yalianza wakati wa kutoka, mkiwa mmelalia kushoto. Kwa hiyo si magunia ya kulia. Mlingoti.

#33 Mhaya wa Pwani
Mengi yalikuwa wakati wa kurudi. Mbao za kulia.

#34 BintiNungwi
Misumari ya kulia ipo kulia. Nasema tu.

#35 Mama Wawili
Wakati mnaendelea kutafuta, watoto wabaki nchi kavu. Chombo kinachohitaji mtu mzima afue mfululizo kwenye upepo wa wastani hakijafika wakati wa kubeba watoto. Na hata kikipona, kila mtoto awe na jaketi okozi inayomtosha yeye, ya mtu mzima inamvuka kichwani akidondoka. Upo mbili na ndoo moja zifungwe kwa kamba ndani ya chombo, makasia yawepo, farumi (uzito wa kutuliza chombo) iwe viroba vya mchanga vilivyofungwa, mawe yanahamia upande mmoja chombo kikilala. Angalia utabiri wa hali ya hewa wa TMA kabla ya kutoka, na asubuhi ya siku yenyewe utazame bahari kwa macho yako.

#36 Mbezi_Juu
Mama Wawili, nimekuelewa, watoto hawapandi mpaka nikae nayo siku nzima majini na watu wazima na ngama ikabaki kavu.

Nimeamua niipandishe, nijaribu maji ya bluu ya Fundi Taruma, na taruma libadilishwe hata kama si lenyewe. Misumari ya kulia nayo itoke yote. Nimepata kipande cha mkoko chenye kona inayofanana na lile taruma, ni cha chombo kilichovunjwa. Jumamosi hii saa kumi jioni maji yakijaa tunaivuta mpaka kwenye mchanga mgumu. Anayeweza kuja tafadhali.

#37 Mzee Kaskazi
Jumamosi hii mwezi ni nusu, kijana. Ni maji mafu. Yatajaa saa nne asubuhi, na kujaa kwenyewe hayafiki kwenye mchanga mgumu, mtavuta tope. Mwezi mpevu ni Jumamosi inayofuata, na maji makubwa zaidi yanakuja siku moja au mbili baadaye. Jumatatu ile saa kumi, kumi na moja jioni, bamvua itakuinulia chombo yenyewe mpaka juu. Asubuhi yake maji yakitoka unafanya kazi chini ya mkuku kwa raha.

#38 Mbezi_Juu
Shikamoo mzee, asante sana. Basi ni Jumatatu ya bamvua.

#39 DogoKigamboni
Nitavuka na pantoni nije. Mhaya asisahau lile kopo.

#40 Fundi Taruma
Taumu ninazo nne za mkoko, ziko kwangu nyuma ya nyumba. Mbezi_Juu njoo na gari uzichukue Jumapili, na ulete bluu, hapa duka la karibu limeishiwa.

#41 KokotoKariakoo
Nitakuja na pamba na sifa. Rangi ikitokea kwenye mwanya mtanipa patasi bila maneno.